Wakia Moja ya Kinga: Chimbuko la Msemo Maarufu na Funzo Lake kwa Kliniki za Kyela

Msemo "Kinga ni bora kuliko tiba" ni miongoni mwa misemo inayosikika mara nyingi zaidi katika huduma za afya nchini Tanzania. Huandikwa kwenye mabango na kuta, huchapishwa kwenye kalenda na fulana za kampeni, na hutamkwa na karibu kila mgeni rasmi anayezindua chanjo au ugawaji wa vyandarua. Kwa kuzoeleka, umekuwa kama salamu: huitikiwa, kisha kila mtu huendelea na shughuli zake. Ni wachache wanaojiuliza ulitoka wapi, ulikusudia kinga dhidi ya nini, na ilikuwaje mtu aliyeupatia umaarufu katika lugha ya Kiingereza akamzika mwanawe kwa ugonjwa ambao kinga yake aliijua vizuri.

Makala haya yanaeleza chimbuko la msemo huo, kisha yanaupeleka Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, mahali ambapo mvua, mito na mpaka wa nchi huupa uzito wa pekee. Ndani ya msemo huo kuna jambo moja ambalo mabango hayalisemi: kinga ina tarehe yake. Tiba humfuata mgonjwa baada ya ugonjwa kuingia, lakini kinga sharti itangulie.

Msemo uliozaliwa kwa moto

Wazo lenyewe ni la kale, wala halikuanzia kwa matabibu. Katika karne ya 13, kitabu cha sheria za Uingereza kinachohusishwa na jina la jaji Henry de Bracton kilikuwa tayari kinashauri kuwa ni heri kulikabili jambo mapema kuliko kuhangaikia dawa baada ya jeraha. Hayo yalikuwa maneno ya mahakamani. Waswahili nao wana hekima ya jinsi hiyo, nayo ni ya waashi: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Umbo la msemo linalojulikana sana nchini Marekani huweka kinga na tiba kwenye mizani: wakia moja ya kinga ina thamani ya ratili nzima ya tiba. Kwa vipimo vya Kiingereza, ratili moja ni wakia 16. Msemo huo basi wadai kwamba kinga kidogo hulingana na tiba iliyo kubwa mara 16. Maneno hayo yalichapishwa tarehe 4 Februari 1735 katika gazeti la Pennsylvania Gazette la mjini Philadelphia. Mwandishi wake alijifanya raia mzee wa mji huo na hakutaja jina. Kumbe alikuwa Benjamin Franklin, mchapishaji wa gazeti lenyewe, kijana wa miaka 29.

Barua hiyo haikuzungumzia homa wala dawa. Ilizungumzia moto. Franklin aliwaonya watu wa mji wake wasibebe makaa kwenye koleo wazi kutoka chumba kimoja hadi kingine, na akasisitiza kuwa mabomba ya moshi yasafishwe ipasavyo. Msomaji aliyekulia kijijini ataielewa picha hiyo bila shida. Amepata kumwona mtoto akitumwa kuomba moto kwa jirani, akirudi na kaa kwenye kigae, huku cheche zikipeperuka karibu na paa la nyasi. Kulifunika kaa hakumgharimu mtu chochote, bali nyumba ikishaungua hakuna ndoo ya maji itakayoirudisha. Tarehe 7 Desemba 1736 Franklin na wenzake waliunda kikundi cha kujitolea cha kuzima moto mjini humo, kilichoitwa Union Fire Company.

Kwa hiyo msemo ambao leo hutumiwa sana na watu wa afya ulipata umbo lake katika mjadala wa moto. Ulihamia kwenye tiba kwa sababu moto na maradhi ya kuambukiza yana tabia zinazofanana: yote huanza kidogo, huenea kwa jirani, na hushindwa kwa urahisi zaidi kabla ya kuanza.

Kinga iliyotoka Afrika

Katika zama za Franklin, ugonjwa uliotisha kuliko karibu yote ulikuwa ndui. Ndui ilisababishwa na virusi, ikaua wagonjwa wengi, na wengi waliopona walibaki na makovu usoni au wakapofuka. Dawa ya kuiponya haikuwapo. Kulikuwa na kinga moja tu: kuchukua usaha kutoka kwenye kipele cha mgonjwa na kuutia kwenye mchanjo mdogo wa ngozi ya mtu mzima wa afya. Mtu huyo aliugua, lakini kwa kawaida aliugua kidogo, na baada ya hapo hakuugua ndui tena.

Ujuzi huo uliifikia Boston, mji aliozaliwa Franklin, kwa njia ambayo wasomaji wa Afrika wanastahili kuijua. Mhubiri Cotton Mather alifundishwa na Mwafrika aliyekuwa mtumwa wake, aliyeitwa Onesimus. Onesimus alimweleza kuwa yeye mwenyewe alichanjwa hivyo kwao Afrika, naye Mather akaandika habari hiyo mwaka 1716 katika barua kwa wanasayansi wa London. Ndui ilipoingia Boston mwaka 1721, daktari Zabdiel Boylston alikubali kuijaribu njia hiyo. Katika mji wa watu wapatao 11,000, karibu 6,000 waliugua na zaidi ya 800 walikufa, yaani takriban 14 katika kila wagonjwa 100. Kati ya watu wapatao 240 waliochanjwa na Boylston, walikufa 6, yaani 2 au 3 katika kila 100. Huenda hiyo ni miongoni mwa mifano ya mwanzo kabisa ya kinga kupimwa kwa hesabu badala ya kubishaniwa kwa maneno.

Hata hivyo wengi walipinga, na baadhi yao kwa hasira. Miongoni mwa wapinzani lilikuwapo gazeti la James Franklin, kaka yake Benjamin. Benjamin mwenyewe, kijana wa miaka 15, alikuwa mwanagenzi katika kiwanda hicho cha uchapishaji. Alipokuwa mtu mzima mjini Philadelphia alitazama takwimu, akabadili msimamo, na akawa mtetezi wa chanjo.

Mtoto wa miaka minne

Msemo wa wakia na ratili ulipochapishwa, Franklin alikuwa na mtoto wa kiume aliyeitwa Francis, aliyezaliwa Oktoba 1732. Mwaka 1736 ndui iliingia Philadelphia. Francis alikuwa akisumbuliwa na ugonjwa wa kuhara, na baba yake aliona afadhali kungoja mtoto apone na apate nguvu kwanza, ndipo achanjwe. Ndui haikungoja. Francis alikufa tarehe 21 Novemba 1736, akiwa na umri wa miaka minne. Siku 16 baadaye baba yake alikuwa miongoni mwa waasisi wa kikundi cha zimamoto.

Uvumi ulienea mjini kwamba mtoto huyo aliuawa na chanjo. Mwishoni mwa Desemba Franklin alichapisha tangazo katika gazeti lake, akaeleza kuwa mwanawe hakuchanjwa, kwamba aliambukizwa ndui kama watu wengine, na kwamba nia ilikuwa kumchanja mara tu atakapopona kuhara. Zaidi ya miaka 50 baadaye, akiwa mzee, alilirudia jambo hilo katika kitabu cha maisha yake. Alikiri kuwa alijuta kwa uchungu na bado anajuta, akawaonya wazazi wanaoacha kuchanja kwa kuogopa kujilaumu endapo mtoto atakufa kwa chanjo: majuto huja upande wowote, hivyo mtu na achague njia iliyo salama zaidi.

Mtu huyo hakuwa mjinga wala mpinzani wa kinga, na chanjo ilikuwa inapatikana mjini kwake. Alichokosa ni tarehe. Aliahirisha kwa sababu ambayo mzazi yeyote angeiona ya busara, nayo ni ileile inayotajwa kila siku kwenye madirisha ya kliniki: "Mtoto haendi vizuri kidogo, nitamleta akipona."

Mwaka 1796 daktari Mwingereza Edward Jenner alionyesha kuwa ugonjwa mwepesi wa ndui ya ng'ombe huweza kumkinga mtu dhidi ya ndui yenyewe. Chanjo ikawa salama zaidi kuliko ile ya usaha, na chanjo za leo zimepita mbali hapo kwa usalama. Lakini kasoro ya kuahirisha haikuondoka.

Kalenda ya chanjo na kalenda ya mvua

Wilaya ya Kyela iko kusini mwa Mkoa wa Mbeya, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Ni bonde lenye joto, takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, lililozungukwa na nyanda za juu za Rungwe upande wa kaskazini na milima ya Livingstone upande wa mashariki. Mto Songwe ndio mpaka na Malawi. Mito Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani na kumwaga maji ziwani. Mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, na nyingi hunyesha kati ya Machi na Mei. Mvua hiyo ndiyo inayostawisha mpunga, kakao, migomba na michikichi. Ndiyo pia inayojaza mito, kufunika njia, kuchafua visima na kuwatenga wakazi na zahanati zao.

Tanzania ilianza mpango wa taifa wa chanjo mwaka 1975. Mtoto hupata chanjo ya kifua kikuu na tone la kwanza la polio anapozaliwa. Katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hupata chanjo dhidi ya polio, dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B, nimonia na homa ya uti wa mgongo. Ile ya kuhara kunakosababishwa na virusi vya rota hutolewa pia katika miezi hiyo ya mwanzo. Chanjo ya surua na rubela hutolewa katika mwezi wa 9, na hurudiwa katika mwezi wa 18.

Kalenda hiyo ikiwekwa juu ya kalenda ya mvua, hatari ya kuahirisha huonekana kwa hesabu rahisi. Achukuliwe mtoto wa kufikirika aliyezaliwa tarehe 1 Desemba katika kijiji kilicho ng'ambo ya Mto Mbaka. Wiki ya 6 itaangukia tarehe 12 Januari, ya 10 tarehe 9 Februari, na ya 14 tarehe 9 Machi. Akifuata ratiba atakuwa amemaliza dozi zote tatu kabla mvua haijafika kilele. Lakini tuseme tarehe 9 Februari ana mafua na joto kidogo, na mama anaambiwa amrudishe kliniki ya mkoba ya mwezi ujao. Dozi ya pili itatolewa mwanzoni mwa Machi. Kwa kuwa sharti zipite wiki 4 kati ya dozi na dozi, ya tatu haiwezi kutolewa kabla ya mwanzo wa Aprili. Kufikia hapo mto umejaa, mtumbwi hauvuki, watumishi wa mkoba hawafiki, na mama yuko shambani akiupigania mpunga wake. Dozi ya tatu huenda ikaja Juni, au isije kabisa. Mafua ya siku tatu yamezaa pengo la miezi mitatu.

Pengo hilo hutokea katika umri ambao kifaduro na nimonia huua zaidi, na katika msimu ambao kuhara huenea. Surua nayo haina huruma kwa mwenye pengo: mgonjwa mmoja huweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Huleta nimonia, kuhara na, hasa kwa mtoto mwenye upungufu wa vitamini A, upofu. Ndiyo maana wataalamu hulenga watoto 95 katika kila 100 wapate dozi zote mbili. Watano waliobaki wakikusanyika katika kijiji kimoja kilichozingirwa na maji, wastani mzuri wa wilaya nzima hautawasaidia.

Lini kuahirisha, lini kutoahirisha

Mafua, kikohozi, kuhara kwa kawaida, joto dogo la mwili, matumizi ya antibiotiki na utapiamlo si sababu za kumnyima mtoto chanjo. Mtoto mwenye utapiamlo ndiye anayehitaji kinga zaidi, kwa kuwa surua au kifaduro vikimpata vitamdhoofisha kuliko wenzake. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati huchanjwa kwa kuhesabu tangu siku aliyozaliwa. Mtoto anayeharisha hupewa chanjo ya polio ya matone kama wengine, ila dozi aliyopewa katika hali hiyo haihesabiwi, na hupewa nyingine ya ziada baadaye.

Sababu za kweli za kuzuia ni chache. Mtoto aliyepata mzio mkali baada ya dozi iliyotangulia asirudiwe chanjo ileile bila ushauri wa daktari. Mtoto mwenye dalili za ugonjwa wa UKIMWI, au mwenye upungufu mkubwa wa kinga ya mwili, asipewe chanjo ya kifua kikuu, na chanjo nyingine zenye vimelea hai zihitaji uamuzi wa daktari. Mtoto aliye mahututi hutibiwa kwanza. Hata huyo asiruhusiwe kurudi nyumbani bila kuchanjwa au kupangiwa tarehe iliyo karibu, kwa maana siku ya kutoka hospitalini ni siku ya chanjo pia.

Mtoto aliyechelewa haanzi upya. Huendelea pale alipoishia, hata kama miezi mingi imepita. Wazazi wengi hukaa nyumbani kwa kuogopa kukaripiwa au kwa kudhani kuwa dozi za mwanzo zimepotea. Neno moja la upole dirishani huweza kumrudisha mtoto huyo, na neno moja la ukali huweza kumpoteza yeye na mdogo wake atakayezaliwa.

Chupa ya dozi kumi

Kuahirisha hakutoki kwa wazazi peke yao. Chanjo ya surua na rubela huja katika chupa ndogo yenye dozi 10. Ikishachanganywa na maji yake haina budi kutumika ndani ya saa 6, na inayobaki hutupwa. Muuguzi aliyeletewa watoto wawili hujiuliza kama afungue chupa hiyo na kutupa dozi 8, au awaambie akina mama warudi siku watoto watakapofika kumi. Nia yake ni kulinda mali ya umma, na haifai kulaumiwa bila kuielewa.

Hata hivyo, hapa mizani ya Franklin inafaa kutumika kama ilivyokusudiwa. Upande mmoja kuna dozi 8 zilizotupwa. Upande wa pili kuna mtoto mmoja aliyelazwa kwa nimonia ya surua: kitanda, oksijeni, dawa, nauli ya mama, siku za shamba zilizopotea, na pengine jeneza dogo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Dozi zilizotupwa ni sehemu ya bei ya kinga, na huagizwa kwa kukadiriwa mapema.

Kwa vituo vya Kyela, ukadiriaji huo unahusu pia majira. Orodha ya watoto wanaotarajiwa kuchanjwa kati ya Machi na Mei inaweza kutayarishwa mwishoni mwa mwaka, kwa kushirikiana na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaojua nani anaishi ng'ambo ya mto gani. Kliniki ya mkoba inaweza kuongezwa kabla ya njia kufungwa. Jokofu na mafuta au nishati yake hukaguliwa kabla ya mvua, si siku umeme unapokatika.

Kinga nayo hupimwa

Kuamini msemo si sawa na kuamini kila kitu kinachoitwa kinga. Mwambao huu wa ziwa una mfano wake. Ng'ambo ya Songwe, katika Wilaya ya Karonga nchini Malawi, watafiti waliwashirikisha watu wapatao 121,000 kati ya mwaka 1986 na 1989 katika jaribio kubwa la chanjo ya kifua kikuu, ambayo pia hukinga dhidi ya ukoma. Baadhi ya watu waliokuwa tayari na kovu la chanjo walichanjwa mara ya pili, na wengine wakapewa sindano isiyo na dawa ili kulinganisha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionyesha kuwa dozi ya pili ilipunguza ukoma kwa karibu nusu, lakini haikuongeza kinga yoyote dhidi ya kifua kikuu.

Ndiyo sababu mama anayelalamika kuwa mkono wa mwanawe hauna kovu huelezwa kuwa kurudia chanjo hiyo hakupendekezwi. Majibu hayo yanatokana na hesabu iliyofanywa kwa majirani zake wa ng'ambo ya mto. Kinga nzuri ni ile iliyothibitishwa, itolewe kwa mtu anayeihitaji na kwa wakati wake.

Mto ambao virusi huvuka

Februari 2022 Malawi ilitangaza kuwa mtoto wa miaka mitatu mjini Lilongwe amepooza kwa virusi vya asili vya polio. Bara la Afrika lilikuwa limethibitishwa kuwa huru na virusi hivyo Agosti 2020. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kuwa asili ya virusi hivyo ni Pakistan. Mwezi Machi 2022 Tanzania iliendesha chanjo ya matone kwa watoto wa chini ya miaka mitano katika mikoa minne inayopakana na Malawi: Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma. Wachanjaji walikwenda nyumba kwa nyumba.

Wazazi kadhaa huuliza katika kampeni za namna hiyo: kwa nini mtoto aliyekwisha kuchanjwa apewe tone tena, ilhali hapa hakuna mgonjwa? Swali hilo ni la haki na lijibiwe kwa utulivu. Tone la ziada halimdhuru mtoto aliyekamilisha ratiba, na humfikia aliyebaki nyuma bila familia yake kujua. Kuhusu kutokuwapo kwa mgonjwa, wakati huo ndio wakati wa kinga. Wafanyabiashara, wavuvi na jamaa huvuka Kasumulu kila siku, na dalili ya kwanza ya polio kijijini ingekuwa mguu wa mtoto usioweza tena kusimama. Hakuna tiba ya kuurudisha. Mlipuko huo, uliofika pia Msumbiji, ulipooza watoto 9, na ulitangazwa kumalizika Mei 2024.

Mpishi wa Merca

Ndui iliyomuua Francis Franklin ilikomeshwa duniani, na mgonjwa wa mwisho kuipata kwa maambukizi ya kawaida alikuwa mtu wa Afrika Mashariki. Oktoba 1977, katika mji wa Merca nchini Somalia, Ali Maow Maalin, kijana mpishi wa hospitali, alipanda gari lililobeba wagonjwa wa ndui ili kumwonyesha dereva njia. Alifanya kazi mahali ambapo chanjo ilikuwa karibu naye kila siku. Baadaye alieleza kuwa aliogopa maumivu yake. Aliugua, akapona, na Mei 1980 ulimwengu ukatangaziwa kuwa ndui imekwisha. Maalin alipokuwa mtu mzima alijiunga na kampeni ya polio nchini mwake, akawasimulia wazazi kosa lake mwenyewe. Alifariki Julai 2013 akiwa katika kazi hiyo, baada ya kuugua homa iliyoelezwa kuwa malaria.

Ushuhuda wa Maalin na wa Franklin una nguvu kwa sababu hawakuficha. Franklin aliukabili uvumi kwa kuutaja wazi gazetini. Maalin alikiri hofu yake mbele ya akina mama. Mhudumu wa Kyela anayeulizwa kuhusu madhara ya chanjo naye aseme kweli: mtoto huweza kupata homa ndogo, uvimbe au maumivu kwa siku moja au mbili, nayo hupita. Akipata degedege, akishindwa kunyonya au akivimba uso, arudishwe kituoni mara moja. Mzazi aliyeambiwa hayo kabla ya sindano hatashtuka usiku, wala hatahitaji uvumi wa kumfafanulia.

Mzazi anayesoma makala haya na aichukue kadi ya kliniki ya mtoto wake leo, aitazame tarehe inayofuata, kisha aitazame mbingu. Kama mtoto ana mafua, aende naye. Kama tarehe imepita, aende naye hivyo hivyo. Na mhudumu atakayempokea asimrudishe nyumbani na kinga mkononi, maana kutoka kituoni hadi ng'ambo ya Mbaka ni safari ambayo mwezi ujao huenda isiwezekane.